Ahadi Iliyotolewa kwa Jambia: Wahenga wa China na Siasa za Dunia ya Leo

Marahaba. Marahaba wote, na asanteni sana. Tangu mlangoni hadi kwenye kiti hiki nimeitikia shikamoo nyingi mno, na kabla sijaketi nikajisemea kwamba nusu ya kazi yangu mmeshaifanya ninyi. Mada niliyopewa inawahusu Wachina wa kale, na hao wazee moja ya maneno yao makubwa ni *li*: ada, adabu, namna mtu anavyomkabili mwenzake. Kijana akisema shikamoo hapungukiwi kitu. Mzee akiitika marahaba hapati cha kutia mfukoni. Lakini wakiachana pale, kila mmoja anajua amesimama wapi. Confucius, mkubwa wa wazee hao, alizunguka miaka mingi akiwaambia watawala kwamba nchi na nchi nazo zinahitaji kitu cha namna hiyo. Walimkaribisha, wakamlisha, wakaendelea na vita vyao.

Mwenyekiti amenipa dakika arobaini. Naahidi mambo mawili: sitazizidisha, na nitamalizia na kisa cha mzee aliyenyeshewa mvua nje ya lango la mji. Nikisahau, nikumbusheni.

Nianze na jambia. Mwaka 681 KK, mahali paitwapo Ke, watawala wawili walikutana kuapa kiapo cha amani. Mmoja ni Huan, mtawala wa Qi, nchi kubwa yenye chumvi, samaki na jeshi. Mwingine alitoka Lu, jirani mdogo, nchi ambamo karne moja na ushei baadaye angezaliwa huyo Confucius. Lu ilikuwa imepigwa mara tatu na sasa imekuja kukabidhi ardhi. Wakiwa juu ya jukwaa la kiapo, jemadari wa Lu aitwaye Cao Mo, yule yule aliyeshindwa vita vyote vitatu, akamrukia Huan na jambia mkononi. Hakuna aliyethubutu kusogea. Akamwambia: nchi yenu ni kubwa, yetu ni ndogo, na mmetuonea kupita kiasi, leo ukuta wa mji wetu ukianguka, unaangukia ndani ya mpaka wenu. Huan akaahidi kurudisha ardhi yote. Pale pale Cao Mo akalitupa jambia, akateremka, akaketi mahali pake kati ya mawaziri. Uso haukubadilika. Akaendelea kuzungumza kwa sauti ile ile aliyokuwa nayo asubuhi.

Huan alikuwa anatetemeka kwa hasira. Alitaka kuivunja ahadi na, wanasema wengine, kumuua yule jemadari. Waziri wake Guan Zhong akamzuia. Hoja yake ilikuwa fupi: ukifurahia faida hii ndogo, utapoteza imani ya watawala wote wengine, afadhali uwarudishie. Huan akarudisha. Miaka miwili baadaye, mwaka 679 KK, watawala wa nchi nyingine walikutana na kumkubali Huan awe kinara wao.

Nimewahi kukisimulia kisa hiki mbele ya mwanasheria mmoja, akacheka. Mwalimu, akaniambia, ahadi iliyotolewa kwa kutishiwa silaha haina nguvu ya kisheria. Ni kweli kabisa. Mahakama yoyote ingemfungua Huan kutoka kwenye kiapo kile. Ndiyo maana walioona aliyoyafanya walishtuka. Wakajiuliza: huyu akitimiza hata ahadi aliyoitoa jambia likiwa shingoni, zile anazotoa akiwa ameketi kwa amani atazivunjaje?

Sasa twende mbele miaka mia nne hivi. Mwanafalsafa Xunzi, aliyeishi karne ya tatu KK wakati nchi za China zilikuwa zinalana, aliwapanga wenye nguvu katika madaraja matatu. Wa chini ni mbabe: huyu anapora ardhi. Wa kati ni kinara: huyu anapata washirika. Wa juu ni mfalme wa haki: huyu anapata watu wenyewe. Mengzi, aliyemtangulia, alikuwa amesema jambo linalokaribiana na hilo kwa namna inayogusa zaidi. Ukimshinda mtu kwa nguvu, alisema, hatii kwa moyo. Anatii kwa sababu nguvu zake hazitoshi. Ukimshinda kwa wema, anafurahi moyoni na kukufuata kweli, kama wanafunzi sabini walivyomfuata Confucius. Sisi tuna msemo wetu, mwenye nguvu mpishe. Mengzi angeukubali, kisha angeuliza: ukishampisha, unamfuata aendako, au unasubiri apite tu?

Mwaka 1990 profesa wa Marekani, Joseph Nye, alilipa jambo hili jina ambalo kwa Kiswahili tunaliita nguvu laini: uwezo wa kumfanya mwenzako atake unachokitaka, bila fimbo na bila fedha. Jina lenyewe silipendi sana. Ukienda Kariakoo ukasema una nguvu laini, watakuuliza ni laini ya mtandao gani. Lakini limeshaenea, tutumie. Mwaka 2007 Hu Jintao aliliingiza kwenye hotuba yake katika mkutano mkuu wa chama chake, na tangu hapo Beijing imetumia fedha nyingi kwa ajili yake: redio, televisheni, ufadhili wa masomo, na Taasisi za Confucius za kufundisha Kichina, ambazo ya kwanza Afrika ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005. Hapa kwetu tulifuata mwaka 2013, Dodoma na Dar es Salaam.

Na yupo Yan Xuetong, profesa wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, ambaye namheshimu kwa sababu hasemi ya kuwafurahisha wakubwa wake kila mara. Amewasoma Xunzi na wenzake kama mtu anayesoma ramani ya kutumia leo. Anadai kwamba ushindani wa China na Marekani hautaamuliwa na uchumi peke yake, utaamuliwa na nani ana marafiki wengi zaidi na wa kweli zaidi, na kwamba marafiki hao hupatikana kwa kuaminika. Amefika hata kuitaka serikali yake iachane na sera ya kutofungamana na ifunge ushirikiano wa kulindana na majirani. Mtu anayeaminika, kwake, ni yule aliye tayari kubeba gharama ya neno lake. Ni Guan Zhong yule yule, amevaa suti.

Wengi wetu tukisikia nguvu laini tunafikiria kujitangaza. Sikubaliani. Nendeni Kunduchi, kwenye yale magofu, siku mtakayokuwa na nafasi. Liko kaburi lenye mnara, na kwenye mnara huo mtaona mahali palipopachikwa mabakuli ya kauri ya Kichina. Mengine yamechokolewa na wezi, pamebaki vishimo vya mviringo kama macho yaliyong'olewa. Mara ya mwisho nilisimama pale na wanafunzi saba, jua la saa tisa likatuchoma, na mmoja akaniuliza ni balozi gani aliyaleta. Hakuna balozi. Yalikuja na pepo za kaskazi, yakipita mikono ya wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, na mtu wa pwani akaona bakuli lile ni zuri kiasi cha kutaka lilale naye kaburini. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nye mwenyewe alikuwa akiikosoa Beijing kwa jambo hilo hilo: mnadhani nguvu laini hutengenezwa na serikali, wakati sehemu yake kubwa hutokana na watu na jamii.

Hapo ndipo huingia Zheng He, amiri wa China wa karne ya kumi na tano, na merikebu zake, na mtanivumilia nikipita haraka, maana mmeshaisikia sana habari ya twiga wa Malindi aliyefikishwa China mwaka 1415. Mabalozi hupenda kukisimulia kisa hicho: tulikuja na majeshi makubwa, hatukuchukua hata shubiri moja ya ardhi. Kwa Malindi ni kweli. Lakini jeshi la Zheng He huyo huyo lilipigana Ceylon, Sri Lanka ya leo, na mwaka 1411 mtawala wa kule alipelekwa China akiwa mateka. Tuipokee hadithi nzima, twiga na mateka wake.

Sasa reli. Juu ya hili nitakaa.

Septemba 1967 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kujenga reli kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilishaitazama hesabu yake na kusema hailipi. China iliyokubali haikuwa China ya maghorofa mnayoyaona kwenye simu. Ilikuwa maskini, na ilikuwa katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni. Ilitoa mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na kipande cha kutoka Mlimba kupanda Makambako ndicho kilichowatoa watu jasho na damu: madaraja, mahandaki, matope, milima inayoporomoka. Wachina zaidi ya 60 walifia kwenye kazi hiyo. Makaburi yao yapo Gongo la Mboto, mtu yeyote anaweza kwenda.

Baba yangu mdogo alikuwa kibarua kwenye kipande hicho. Mpaka anafariki alikuwa na kikombe cha bati chenye maandishi mekundu ya Kichina, rangi imebanduka mdomoni, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukigusa. Alipewa na fundi mmoja aliyemwita Lafiki, kwa sababu ndivyo yule bwana alivyolitamka neno rafiki. Nilimuuliza siku moja walizungumza nini miaka yote ile. Akasema hawakuzungumza. Lafiki alikuwa anabeba jiwe, na mimi nabeba jiwe. Jioni anafua nguo zake mwenyewe. Baba mdogo alilirudia hilo la nguo mara mbili. Alishawahi kufanya kazi kwa wakubwa wa namna nyingine, na hajawahi kuona mtaalamu wa kigeni akifua suruali yake.

Sasa sikilizeni kituko cha historia. Novemba 1966, walinzi wekundu, vijana wa Mapinduzi ya Utamaduni yale yale, walikwenda Qufu, alikozaliwa Confucius, wakalivunja kaburi lake. Mwaka 1974, wakati mataruma ya reli yetu yanalazwa, China nzima ilikuwa kwenye kampeni ya kumlaani. Lafiki, kama alihudhuria mikutano ya jioni ya kambi yake, huenda alifundishwa kwamba yule mzee alikuwa adui wa wananchi. Na bado kazi aliyokuwa akiifanya mchana ndiyo iliyokaribia zaidi mafundisho ya mzee huyo kuliko jambo lolote ambalo China imelifanya katika bara hili. Confucius alisema kwamba mtu mwema akitaka kusimama, humsimamisha na mwenzake. Leo jina lake liko kwenye milango ya madarasa dunia nzima, linaandikwa kwa dhahabu. Na ni yeye yeye aliyeulizwa angeanza na nini kama angepewa nchi kuitawala, akajibu kwamba angeanza kwa kuyanyoosha majina: kila kitu kiitwe kile kilicho. Naamini angeipita ile milango akaenda kuuliza habari za reli.

Msinielewe vibaya. China haikuja kama malaika. Ilikuwa imetengwa na Marekani, imegombana na Wasovieti, na ilihitaji marafiki. Tarehe 25 Oktoba 1971, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura kuirudishia kiti chake, kura 76 zilikubali, 35 zilikataa, na Afrika ilikuwa sehemu kubwa ya hizo za ndiyo. Balozi wetu Salim Ahmed Salim alishangilia ukumbini hadharani, na Wamarekani hawakumsahau. Kwa hiyo maslahi yalikuwepo. Mengzi alimkemea mfalme wa Liang aliyemuuliza swali la kwanza tu: umeniletea faida gani? Hakusema faida haipo. Alisema usianze nayo.

Leo mambo yamegeuka. Reli ile ilijengwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka na haijawahi kuzifikia. Septemba 2024, Beijing, marais wa nchi zote tatu walishuhudia ikitiwa saini hati ya makubaliano ya kuifufua, na safari hii lugha ni ya wawekezaji. Upande wa pili wa bara, Marekani na Umoja wa Ulaya wanasukuma reli ya kwenda Lobito, Angola, ibebe shaba ile ile ya Zambia na Kongo. Kila mmoja anatuonya juu ya mwenzake. Huyu anasema yule atawatega kwa madeni. Yule anasema huyu ni mkoloni wa jana. Mengzi alikuwa na picha ya hali hii: askari wawili wametupa silaha na kukimbia vita, mmoja amekimbia hatua hamsini, mwingine mia, na wa hamsini anamcheka wa mia.

Ndugu zetu wa Kenya walikopa China kujenga reli ya Mombasa hadi Nairobi, ikafunguliwa Mei 2017, ni reli nzuri na mimi nimeipanda. Mkataba wake ukafichwa miaka na miaka, hadi Novemba 2022 serikali mpya ilipotoa baadhi ya kurasa. Sijui hasara gani ingepatikana kama ungesomwa mapema. Najua iliyopatikana kwa kuuficha: treni inapita kila siku, safi, kwa saa yake, na bado mtu wa Nairobi akiitazama anauliza tumeuzwa kwa bei gani. Xunzi angeniambia hapo kinara ameporomoka daraja moja bila kufyatua risasi.

Najua swali linalowakereketa, maana kila mwaka mwanafunzi fulani huniuliza. Mwalimu, mbona hawa wazee wote walishindwa? Aliyeshinda ni Qin, nchi ya wababe, iliyozimeza nyingine zote kufikia mwaka 221 KK. Ni swali zuri, na jibu la kwanza ni kwamba ndiyo, walishindwa. Hakuna mtawala aliyempa Mengzi nchi aijaribu. Jibu la pili ni kwamba Qin ilidumu miaka kumi na mitano tu. Waliofuata, wa Han, walibaki na mashine ya Qin lakini wakamkaribisha Confucius mezani, na kwa mchanganyiko huo walitawala karibu karne nne. Hivyo simwambii mtu auze bunduki zake anunue vitabu.

Na sisi je? Maana tukiishia kuwapima wakubwa, tutakuwa watazamaji wa mpira. Confucius aliulizwa na mwanafunzi wake Zigong serikali inahitaji nini. Chakula, silaha, na imani ya watu. Ikibidi kuacha kimoja? Silaha. Ikibidi tena? Chakula, kifo kimekuwepo tangu zamani, lakini bila imani nchi haisimami. Jibu kali hilo, na mtu mwenye njaa ana haki ya kulikataa. Lakini tulishawahi kulijaribu hapa hapa. Mwaka 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Wazungu wachache Rhodesia. Mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakaazimia: kama Uingereza haitamzima hadi tarehe 15 Desemba, tutavunja nayo uhusiano. Tarehe ikafika. Nchi nyingi zikatazama pembeni. Nyerere akavunja, na mkopo wa Uingereza wa pauni milioni saba na nusu ukaganda, kwa nchi yenye umri wa miaka minne tu. Hakukuwa na jambia shingoni. Lilikuwa azimio la kwenye karatasi, ambalo wenzake walishaamua kulisahau.

Wachumi wenzangu, na wapo humu, wataniambia ilikuwa hesabu mbaya. Labda. Ila wapigania uhuru wa Msumbiji, wa Angola, wa Afrika Kusini, walipotafuta mji wa kufikia hawakuhitaji tangazo la televisheni kuwaelekeza Dar es Salaam. Na mimi hudhani kwamba Kiswahili kilipokubaliwa na Umoja wa Afrika kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, bado tulikuwa tunakula riba ya mkopo ule tulioupoteza. Kinachonikosesha usingizi ni swali la pili la Confucius, lile alilojibu kwamba utawala mwema ni walio karibu wafurahi na walio mbali waje. Walio karibu wanatangulia. Tunapenda kuuliza China inatuonaje, Marekani inatuonaje. Tangu nianze kufundisha sijapata mwanafunzi aliyeomba kuandika tasnifu juu ya namna mchuuzi wa Burundi anavyotuona pale Kabanga, lori lake likiwa mpakani siku ya tatu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi mzee wa mvua.

Aliitwa Mozi, aliishi karne ya tano KK, na hakuwapenda kabisa wafuasi wa Confucius na mazishi yao ya gharama. Akasikia kwamba Chu, nchi kubwa, imemwajiri fundi Gongshu Ban kutengeneza ngazi za kukwea kuta za Song, nchi ndogo. Akatembea siku kumi, usiku na mchana, hadi Chu. Akamwambia mfalme: yupo mtu mwenye gari zuri anayetaka kuiba mkokoteni mbovu wa jirani, mwenye nyama anayetaka kuiba pumba za jirani, huyo ni mtu gani? Mfalme akasema huyo ana ugonjwa wa wizi. Hata hivyo, akasema, ngazi zimeshatengenezwa.

Mozi akavua mkanda wake akauzungusha mezani, huu ndio ukuta wa Song. Akachukua vipande vya mbao, hizi ndizo silaha. Gongshu Ban akashambulia kwa mbinu tisa, Mozi akazizuia zote tisa, na bado alikuwa na nyingine. Fundi akasema: najua namna ya kukushinda, ila siisemi. Mozi akajibu: najua unachofikiria, na mimi siisemi. Mfalme akataka kujua. Anafikiria kuniua, Mozi akaeleza, lakini wanafunzi wangu mia tatu wameshafika juu ya kuta za Song na vifaa vyangu mkononi, wanawasubiri. Mfalme akasema basi, vita hakuna.

Akarudi kwa miguu. Alipofika Song mvua ilikuwa inanyesha, akaenda langoni aombe kujikinga. Mlinzi wa lango hakumfahamu, akamkatalia kuingia.